Dogo, kemia iko kwenye karasha

Jana usiku mdogo wangu kanipigia simu kutoka Geita, yuko kidato cha nne. Eti nimtajie haraka mambo yanayoongeza kasi ya mmenyuko wa kikemia, kesho ana tesiti. Nikamuuliza, dogo, hapo dirishani unasikia nini? Akasema makarasha. Nikamwambia basi jibu la kwanza hilo. Akadhani namtania.

Sitanii wadau. Karasha linasaga jiwe liwe unga ili dhahabu iliyojificha ndani iguswe na dawa. Jiwe zima ukilitumbukiza kwenye sianidi utazeeka ukisubiri. Halafu angalieni matangi ya marudio. Dhahabu hiyohiyo isiyoshika kutu hata uichome vipi inayeyuka kwenye maji yenye sianidi kidogo tu, bila moto, mradi oksijeni iwepo. Atomu 4 za dhahabu zinataka sianidi 8 na molekuli 1 ya oksijeni. Ila oksijeni haikai nyingi kwenye maji, ndiyo maana migodi mikubwa inapuliza hewa ndani ya tangi. Na chokaa inayotiwa humo si urembo, maji yakipoteza ukali wa chokaa sianidi inapaa kama gesi ya kuua.

Hiyo si mada nzima? Lakini dogo anakariri marumaru na asidi ambayo hajawahi kuiona. Sisi tuliambiwa "chukulieni mmeona mapovu", tukachukulia.

Kinachoniuma zaidi ni zebaki. Nyumbani watu wanasema "tunachoma", na zebaki "imeungua". Haijaungua jamani! Imechemka tu. Yenyewe inachemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, dhahabu inataka 1,064 hata ianze kuyeyuka, kwa hiyo moja inapaa na nyingine inabaki kikaangoni. Ule mvuke ukipoa unatoa joto lake na kurudi kuwa zebaki ileile, juu ya bati, kwenye sufuria, na mwingine unakuwa umeshavutwa na mapafu. Chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba la kupozwa kwa maji kinatumia jambo hilohilo, zebaki inarudi kwenye kopo, unaitumia tena. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, ila kwa mtu anayeamini zebaki imeungua ikaisha, huo mkataba unazungumzia nini?

Kuna mzee aliniambia ukiwafundisha watoto haya utawapeleka machimboni. Shikamoo mzee, lakini mbona Jumamosi wako hukohuko?

Mjomba wetu alichomea jikoni miaka mingi. Siku hizi kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Sijui kama ni zebaki, hajawahi kupimwa.

Asubuhi hii dogo katuma meseji: "Kaka, kwa hiyo ile ya mjomba yote iko wapi sasa?"

Niko kwenye foleni ya chai hapa kantini, bado sijamjibu.