Nyuki Mmoja Aweza Kuua

Wakulima wa Muhoroni, Koru na Songhor, katika miwa nyuki twawajua. Wengi wetu huvimba mkono tu, basi. Lakini wako watu ambao mwili wao huipokea sumu hiyo kwa ukali kupita kiasi: kwa dakika chache vipele vyawatoka mwili mzima, midomo na ulimi vyavimba, kifua chalia, watapika, kisha wazimia.

Mtu huyo asitembezwe. Alazwe, miguu iinuliwe. Akihema kwa shida, aegemezwe. Dawa yake ni sindano ya adrenalini pajani, nusu miligramu kwa mtu mzima, nayo yaweza kurudiwa baada ya dakika 5. Vidonge vya mwasho havifungui koo.

Kwa maoni yangu, haifai kuanza kutafuta dawa mtu akiwa amekwisha kuanguka. Kisumu ni mbali. Halmashauri ya ushirika na iende zahanati wiki hii iulize: Adrenalini ipo? Siku ya Jumapili nani ataipiga? Si dawa ya anasa. Imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Na aliyewahi kuzidiwa hivyo asipewe kazi ya kurina asali, hata akijisifu vipi.