Tusimpime Kocha kwa Rangi ya Ngozi



Kila timu kubwa inapotafuta kocha mpya, neno ni lile lile katika viwanja vya Kolwezi, hata nje ya milango ya parokia zetu: "Walete mzungu, atawatia nidhamu." Hakuna anayeuliza amefundisha wapi, wala ameshinda nini. Ngozi yake ndiyo cheti chake.

Hatusemi kwamba wageni hawakutufaa. Timu yetu ya taifa ilitwaa Kombe la Afrika mwaka 1968 chini ya Ferenc Csanádi wa Hungaria, na mwaka 1974 chini ya Blagoje Vidinić wa Yugoslavia. Tunawashukuru. Lakini TP Mazembe, timu iliyoanzishwa na watawa Wabenedikto mwaka 1939, ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu mwaka 2010, ya kwanza kutoka Afrika, iliongozwa na nani? Lamine N'Diaye, Msenegali. Na ilipotwaa Kombe la Shirikisho mwaka 2017? Pamphile Mihayo, mwana wa nchi hii, aliyewahi kuichezea timu hiyo hiyo. Naye Florent Ibenge alitupatia nafasi ya tatu barani mwaka 2015 na ubingwa wa CHAN mwaka 2016.

Wako wanaojibu: "Makocha wetu hawana masomo." Pengine ni kweli. Basi wasomeshwe! Stefano Kaoze hakuzaliwa padre. Alifundishwa miaka mingi, akapewa daraja mwaka 1917, akawa padre wa kwanza Mkongo. Anayemnyima mtu shule, kisha akamlaumu kwa kutojua, amemwonea mara mbili.

Mzungu akishindwa, twalaumu wachezaji. Wa kwetu akishindwa, twasema weusi hawawezi. Hapa Lualaba twaujua uchungu wa mzani wa uongo: mchimbaji hubeba gunia lake la mawe mgongoni, na mnunuzi humpunja kilo. Mbona basi sisi wenyewe tunashika mzani wa namna hiyo dhidi ya ndugu zetu? Mtume Yakobo alikwisha kutuonya juu ya upendeleo.

Tuanzie nyumbani. Timu ya parokia inapochagua kocha, tuulize mambo matatu: amejifunza nini, amefanya nini, na anawatendeaje vijana. Na mchango wetu ufuatao usiishie kwenye jezi. Umpeleke kijana mmoja wa kwetu akasomee ukocha.

Tumsifu Yesu Kristo.