Kabla Upasue Sakafu ya Gereji, Niambie Maji Yataenda Wapi

Wasee, hizo vidio mmeziona. Jamaa anabonyeza swichi, gari inapanda yenyewe kutoka sakafuni kama iko kwa sinema. Taa za bluu, ngoma kali, sakafu inang'aa mpaka unajiona sura. Chini watu wanaandika "siku moja nami." Nimetazama nyingi sana, na sijapata hata moja inayosema konkriti iko na unene gani.

Hapo ndio shida yangu iko. Sio wivu. Sawa, wivu kidogo uko, mimi naishi bedsita na gari sina. Lakini binamu yangu ni mekanika, na miaka mitatu iliyopita alikuwa chini ya Probox, jeki moja upande huu, jiwe la kujengea upande ule, na udongo umelowa. Jeki ikateleza. Yuko hai kwa sababu gurudumu la akiba lilikuwa limelazwa kando ya kifua chake, gari ikaangukia hapo kwanza. Mfupa wa bega ulivunjika. Hadi leo mkono wa kushoto haupiti kichwa.

Kwa hivyo nyinyi mnaosema lifti nyumbani ni madharau ya matajiri, pia mmekosea. Lifti ni chombo cha kuokoa watu. Ingekuwa mimi, kila gereji ya jua kali ingepata yake. Ninachopinga ni kontenti inayouza lifti ya kuzamisha sakafuni kama taa ya sebule.

Manze, fikirieni tu. Lifti ya mkasi inakaa ndani ya shimo, ikishuka inalingana na sakafu. Nyingi za nyumbani zimeandikwa tani 3. Prado peke yake inapita tani 2. Huo uzito wote, pamoja na chuma ya lifti, unakanyaga kaeneo kadogo chini ya shimo. Sasa sakafu ya kawaida ya nyumba ni slabu nyembamba yenye BRC, imemwagwa juu ya mawe. Ukiikata umekata na BRC. Chini ya shimo panahitaji slabu mpya, yenye nondo, iliyopimwa ikalala sawa, na konkriti huhesabiwa nguvu yake ikifika siku 28. Fundi akikwambia "wiki moja iko poa", anataka balansi yake aende.

Na kama uko Syokimau, Kitengela ama Embakasi, kuna ule udongo mweusi watu wa ujenzi huita black cotton. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka. Shimo la sentimita 30 huenda halijautoka. Lifti inaanza kuinama polepole na wewe uko busy unabadilisha rangi ya taa. Kama gereji yako iko juu ya parking ingine, hata usiguse. Slabu ya ghorofa inashikiliwa na vyuma vilivyo ndani yake, na hujui unakata kipi.

Halafu maji. Shimo ni shimo. Mvua ya Aprili haijui hilo lilichimbwa kwa ajili ya Instagram. Bila mfereji ama pampu, maji yanakaa, chuma inashika kutu, na stima ya volti 240 iko hapo hapo. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, unashuka unatulia shimoni ukingoja cheche moja. Ndio maana mota na swichi zinafaa kukaa nje ya shimo, juu.

Lakini kitu kilinikasirisha kabisa ni kufuli. Oili ikiinua gari, si oili inafaa kuishikilia. Unapandisha, kisha unashusha kidogo mpaka kufuli za chuma zibebe uzito, ndio uingie chini. Mpira wa oili ukipasuka, kufuli zimeshika. Kwa vidio, jamaa anaingia chini gari ingali inapanda, anatabasamu kwa kamera.

Mtasema mtu aliyeacha uhandisi mwaka wa pili hana haki ya kufunza watu. Karo iliisha, akili haikuisha. Na sijasema mnisikize mimi, nimesema mwite injinia wa miundo aone sakafu kabla ya nyundo kuanza. Mtu amelipia taa, rangi na mpiga picha, lakini injinia ndio ati ni ghali? Wengine wanapeleka michoro kwa fundi wa mageti awachomelee lifti kwa nusu bei. Naheshimu jua kali, imetulea. Ila geti likiachia weldi, unanunua geti ingine.

Kama doo haitoshi, kuna lifti za kuweka juu ya sakafu bila kuchimba, bado konkriti ipimwe. Hata hiyo ikishinda, nunua stendi za jeki, uziweke mahali pagumu.

Binamu yangu siku hizi ana stendi nne. Nilimwonyesha ile vidio ya taa za bluu. Akaitazama yote, akanirudishia simu, akauliza, "Na maji ya mvua yanaenda wapi?" Nikaandika hilo swali chini ya vidio. Mwenyewe alilifuta.