Si kila mshindo ni mlipuko

Mkazi wa Katana akisikia "pu!" usiku, hujiuliza kabla ya kuwakusanya watoto: ni radi, ni gurudumu la lori lililopasuka kwenye barabara ya taifa namba 2, au ni silaha? Habari inayomfikia kwenye simu dakika chache baadaye mara nyingi humfungia mjadala. Inasema: mlipuko.

Tatizo huanzia kwenye tafsiri. Taarifa ya Kiingereza ikisema wakazi walisikia "bang", inataja kilichofika sikioni tu: sauti kubwa, fupi, ya ghafla. Mlango ukibamizwa ni "bang". Bunduki ikifyatuliwa, vilevile. Neno hilo halisemi sauti imetoka wapi. Kiswahili kina neno linalofanya kazi hiyohiyo, nalo ni mshindo. Lakini mfasiri mwenye haraka huandika "mlipuko", na papo hapo anatoa ushahidi wa jambo ambalo hakuna aliyeliona. (Wanaoandika "kelele za risasi" nao wana lao. Risasi ina mlio. Kelele ni za watu.)

Kwa msomaji wa mbali, tofauti hii ni ndogo. Katana si mbali. Iko wilayani Kabare, kaskazini mwa Bukavu, ukishapita uwanja wa ndege wa Kavumu, ambao M23 waliuteka Februari 14, 2025, siku mbili kabla ya kuingia Bukavu kwenyewe. Februari 27, mkutano wa hadhara wa Corneille Nangaa mjini Bukavu ulipigwa na milipuko iliyoua watu wasiopungua 11. Hapo neno lilistahili, na hakukuwa na sababu ya kulilainisha.

Ila eneo hili pia ni la radi. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliipa sehemu iliyotajwa kwa jina la Kabare nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, takribani 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Mhariri anayegeuza kila ngurumo ya huku kuwa mlipuko atakuwa na kazi nyingi, na soko litakuwa tupu bure.

Zipo hoja za upande wa pili: mshindo haubofywi kama mlipuko, na kungoja uthibitisho ni kupitwa. Hata hivyo "mshindo mkubwa umesikika, chanzo hakijajulikana" huandikwa haraka vilevile, na kichwa cha habari kinaweza kubadilishwa chanzo kikijulikana.

Tena kando ya Ziwa Kivu, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, "Mlipuko Katana" inaweza kuwa habari ya hospitali. Kwa mlipuko mmoja watu hukimbia. Kwa mwingine huchemsha maji.