Tupac Shakur: Kesi iliyolala kwa miaka 27

Septemba 29, 2023, polisi wa Las Vegas nchini Marekani walimtia mbaroni Duane Davis kwa mashtaka ya kumuua mwanamuziki Tupac Shakur. Davis aliyakana mashtaka hayo. Miaka 27 ilikuwa imepita tangu mauaji yatokee, na linalowashangaza wengi ni kwa nini sheria ilichelewa kiasi hicho.

Shakur alizaliwa New York Juni 16, 1971, mwezi mmoja baada ya mama yake, Afeni Shakur, kuachiwa huru katika kesi ya wanachama wa Black Panther walioshtakiwa kula njama ya kulipua majengo. Afeni, aliyekuwa mja mzito, alijitetea mwenyewe mahakamani. Mtoto huyo alilelewa katika nyumba isiyoiamini dola.

Msimamo huo ulijitokeza katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 1991, iliyowalaani polisi. Mwaka uliofuata, Makamu wa Rais Dan Quayle alisema haina nafasi katika jamii. Lakini mtetezi huyo wa wanyonge, aliyemwimbia mama yake kwa heshima, alifungwa mwaka 1995 kwa kumdhalilisha mwanamke kijinsia, kosa alilolikana. Alitoka Oktoba mwaka huo kwa dhamana ya dola milioni 1.4, iliyowezeshwa na kampuni ya Death Row.

Septemba 7, 1996, baada ya pambano la ngumi la Mike Tyson, Shakur na wenzake walimpiga Orlando Anderson, mpwa wa Davis, katika hoteli ya MGM Grand. Saa chache baadaye alimiminiwa risasi barabarani, akafariki dunia Septemba 13 akiwa na umri wa miaka 25.

Mtaa ulikuwa umejaa watu, lakini polisi walilalamika kuwa mashahidi hawakutoa ushirikiano. Waliojua jambo waliogopa magenge, na wengi wao hawakuwa na imani na polisi. Mwaka 2008 Davis aliwasimulia wapelelezi wa Los Angeles mkasa huo, kwa ahadi kwamba maneno yake hayatatumiwa dhidi yake. Baadaye aliyarudia hadharani, na mwaka 2019 akayachapisha kitabuni, akisema alikuwamo ndani ya gari la washambuliaji. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Yeye anajitetea kuwa alisimulia hayo kwa ajili ya fedha.

Hata hivyo, Anderson aliuawa mwaka 1998, na Afeni alifariki dunia mwaka 2016 bila kumwona yeyote kizimbani. Picha za Shakur zimepamba matatu za Nairobi na daladala za Dar es Salaam, ambako vijana walimwona kuwa sauti ya maskini. Mahakama inaweza kuamua hatima ya mtu mmoja. Ufa uliopo kati ya polisi na mitaa ya Wamarekani weusi, uliosaidia kuifukia kesi hii, hauwezi kuzibwa kwa hukumu moja.