Magoti yanauma, kumbe chanzo ni homa ya ini

Huko Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, mtu akilalamikia magoti jibu huwa tayari: ni kazi za matopeni. Ukikata mikoko, ukipanda mpunga na kuvuta nyavu za kamba, mwili utaachaje kuuma? Mara nyingi ni kweli. Lakini maumivu ya viungo yasiyoisha, yakiambatana na madoa ya zambarau miguuni, ganzi ya nyayo, uso kuvimba asubuhi au mkojo wenye povu, yanaweza kuwa yametokana na homa ya ini.

Virusi vya homa ya ini B na C hukaa mwilini miaka mingi bila macho kuwa ya manjano. Kinga ya mwili hutoa askari wa kupambana navyo. Askari hao hushikana na vipande vya virusi, kisha mafungu hayo hunasa kwenye mishipa midogo ya damu. Yakinasa kwenye figo, protini huvujia kwenye mkojo; kwenye ngozi hutokea madoa; kwenye mishipa ya fahamu huja ganzi. Ini lenyewe huenda halijauma hata siku moja.

Hatari kubwa iko kwenye dawa za kujinunulia. Prednisolone hutuliza viungo haraka, lakini hushusha kinga. Mwenye virusi B akiitumia bila kupimwa, virusi vinaweza kuzaliana kwa kasi na ini likashindwa kazi. Diclofenac nayo huzidi kuumiza figo zilizokwisha kudhoofika.

Kutoka Mbwera kwenda Kibiti ni boti hadi Nyamisati, kisha gari, nauli haiokotwi. Basi mgonjwa akifika hospitali, ndugu waulizie kwa safari hiyo hiyo kipimo cha damu cha homa ya ini B na C, pamoja na kipimo cha mkojo. Virusi C huponywa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. Virusi B hudhibitiwa kwa dawa kama tenofovir, ambayo haiachwi bila ushauri wa daktari.

Nyumbani mgonjwa asitengewe sahani, maana ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja. Wembe na mswaki ndivyo visichangiwe. Mwenza na watoto wapimwe, na wasio na virusi B wapate chanjo. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, hivyo wazazi wengi wa leo hawakuipata utotoni.