Mvule ndani ya MG

KUTOKA KILIMA CHA NANE
Na Musa Kibalama

Jirani yangu wa Muyenga, hapa Kampala, ana MG TD ya mwaka 1951. Ameipeleka Katwe kwa mafundi ili, kwa maneno yake, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Jumamosi nilipita kuitazama. Nikakuta bodi imevuliwa mabati, na mafundi wawili wamechuchumaa wanakagua mbao.

Naam, mbao. Gari hilo pamoja na madaha yake yote limeundwa kama kitanda: chini chesisi ya chuma, juu yake fremu ya mbao, halafu ndipo bati. Upande wa kushoto zilikuwa mbao za Kiingereza, nyeupe, zimechakaa. Upande wa dereva kuna mbao za rangi ya asali, nzito. Mvule.

"Hii kazi ya maseremala wa Ndeeba, ssebo," fundi mkubwa akaniambia, akipitisha ukucha kwenye kiungo. Ukucha haukuingia.

Mwenye gari anataka huo mvule utolewe. Hapo ndipo tulipokosana.

MG walitengeneza TD karibu 30,000 huko Abingdon, kati ya 1949 na 1953. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na madeni shingoni, na chuma kiligawiwa kwanza kwa viwanda vinavyouza nje. Ndiyo maana nyingi zilikwenda Marekani, na chache zikasambaa huku kwenye makoloni, kwa watu wa kupunga upepo jioni. Kisha ikaja 1972. Amin akawapa Waasia siku 90, nao wakaondoka wakiacha maduka, nyumba na magari. Baada yao ikaja miaka ya magendo, ambapo hata sabuni na sukari vilitafutwa kama dawa. Katika hali hiyo, nani angeagiza ubao kutoka Abingdon?

Fundi alikata mvule.

Tena gari lenyewe si rafiki wa fundi. Nati za injini yake zina kichwa cha kipimo cha Kiingereza lakini uzi wake ni wa milimita, kwa sababu ukoo wa injini hizo unaanzia kiwanda cha Wafaransa, Hotchkiss, walichokuwa nacho Coventry na ambacho Morris, mwenye MG, alikinunua mwaka 1923. Spana za Toyota, namba 10, 12 na 14, hazikamati vizuri. Kwenye boksi la yule fundi mkubwa nilishika spana namba 13 ambayo mdomo wake umepanuliwa kwa tupa, kidogo sana, kama unene wa karatasi chache. Alirithi kwa mwalimu wake. Ukiniuliza mimi, spana hiyo ni ya kuwekwa makumbusho kabla ya gari.

Jirani ana hoja zake. Anataka kwenda kushindana Nairobi, kwenye Concours d'Elegance, maonyesho yaliyoanza 1970, na anaamini waamuzi wakiona mvule watacheka. Waache wacheke. Abingdon walikaa na gari hili majuma machache. Kampala imekaa nalo zaidi ya miaka 70, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hapakuwa na spea. Huo uasilia tunaoutafuta ni wa nani? Nyaya zibadilishwe, sikatai, na breki pia, maana sitaki mtu afe mteremko wa Tank Hill kwa ajili ya historia. Rangi apake aipendayo, ingawa ile nyekundu aliyoichagua inanikumbusha lori la zimamoto. Lakini kuung'oa mvule ule ni kumfuta mtu ambaye hakuandikwa popote ila hapo.

Nilimwambia hivyo kwa simu. Akasema atafikiri, kisha akahamishia mazungumzo kwenye bei ya mafuta.

Nilipokuwa naaga, fundi mkubwa alinivuta upande wa kushoto wa gari. Akabonyeza mbao za Abingdon kwa bisibisi. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini, na unga wa mchwa ukamwagika kwenye kiatu chake.

"Na huku," akaniuliza, "tuweke mti gani, ssebo?"